Turubai la Ubavuni mwa Landrova

Kwa siku nne nilikosa usingizi kwa sababu ya turubai. Wenzangu niliomaliza nao chuo cha uganga Dar es Salaam walikosa usingizi kwa mambo yanayoeleweka. Mmoja aliachwa na mchumba. Mwingine alikuwa ameanza kuhudhuria mikutano ya siasa na hakujua amwambie nani. Mimi nililala chali katika chumba changu cha serikali pale Kyela nikijiuliza kama maji ya mvua yataelekea mbele ya gari au nyuma, kama nguzo nne zinatosha au zinatakiwa sita, na kama rangi ya kijani inavuta joto kuliko khaki.

Kazi yenyewe angeiweza mtu yeyote ambaye hakusoma. Ofisi yetu ilikuwa na Landrova moja ya kuzungukia vijiji vya tambarare, kuanzia Busale mpaka ufukweni mwa ziwa. Lilitakiwa turubai la kufunga ubavuni mwa gari: upande mmoja unashikwa na paa la gari, upande wa pili unainuliwa kwa nguzo, na chini yake mnapata mahali pa kufanyia kazi mchana na kulala usiku. Safari iliyotangulia, kabla sijaajiriwa, walikwenda bila kitu. Walichanja watoto ndui peupe, na chanjo nyingi hazikushika. Dawa ile ni kitu dhaifu. Unaweka tone mkononi, unakwaruza ngozi kwa sindano, unasubiri likauke. Jua kali likiipiga, inakufa. Mvua ikinyesha, inaoshwa na kuishia kwenye matope. Akina mama walitembea asubuhi nzima, watoto wakalia, wakarudi nyumbani na mikono iliyokwaruzwa bure.

Sasa wafanyabiashara wenye ndugu ng'ambo ya mto Songwe walikuwa wameleta habari kwamba ndui ipo upande wa Nyasaland. Kwa hiyo safari hii watoto walipaswa kuchanjwa, na wachanjwe kivulini. Bwana Daktari, Mzungu aliyekuwa mkuu wetu, alinikabidhi jambo la turubai mimi.

"Wewe umesoma," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuamuru. "Na hawa ni watu wako. Unawajua."

Nikaitikia ndiyo. Niliondoka Busale nikiwa na miaka saba, nikalelewa na mjomba mwalimu, kisha mabweni ya misheni, kisha pwani. Kwetu nilikuwa nikirudi likizo kama mgeni anayepikiwa kuku. Nilijua njia ya damu kutoka moyoni mpaka kwenye ukucha, lakini kama ungeniuliza nani kijijini kwetu anamwogopa nani, ningekujibu kwa kukohoa.

Palikuwa na maturubai matatu ya kuchagua. La kwanza lilikuwa mabaki ya jeshi, linauzwa dukani Tukuyu, zito kiasi cha kubebwa na watu wawili, na linanuka kama ng'ombe aliyenyeshewa. La pili lilikuwa bado halijazaliwa: fundi mmoja pale Kyela, Mwislamu mwenye ndugu zake Karonga, ng'ambo ya Songwe, alikuwa akishona vifuniko vya malori ya mpunga na alisema atashona lolote nitakalotaka. La tatu lilikuwa ndani ya kitabu cha picha kutoka Uingereza.

Kitabu hicho ningependa kila mtu akione. Katika kila ukurasa kuna Mzungu ameketi kwenye kiti cha kukunja, mguu juu ya mguu, anakunywa chai chini ya turubai lililonyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Mke anacheka. Mbwa amelala. Hakuna tope, hakuna nzi, hakuna mtu anayetafuta mahali pa kujisaidia. Gari linang'aa. Nilijiuliza watu hawa wamesafiri kutoka wapi kwenda wapi, ikiwa hata magurudumu yao hayakupata vumbi. Turubai lenyewe lilikuwa paa moja kubwa, linaanzia mlango wa dereva, linapita ubavu mzima na kukunja kona mpaka nyuma ya gari. Lilikuwa na wavu wa mbu, pindo lenye mawimbi kama gauni la harusi, na mifuko ya kuwekea chupa. Nilikidharau kitabu kile kwa moyo wangu wote, na nilikisoma mara kumi na moja.

Kwa fundi nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu nilibeba ndoo ya maji ili nimwagie kipande cha turubai lake nione.

"Fundi, mshono huu ukilowa utavuja?"

"Kila mshono unavuja ukilowa, mwalimu."

"Mimi si mwalimu."

"Lakini maswali unayo ya mwalimu."

"Upepo wa ziwani ukiwa mkali kiasi gani, nguzo itang'oka?"

Akaacha kukanyaga cherehani. "Upepo ukija tutaiona nguzo ikienda zake. Ndipo tutajua ulikuwa mkali kiasi gani."

"Kwa hiyo huna kipimo."

"Kipimo changu ni watu. Lori la mpunga linakuja hapa, nauliza mna magunia mangapi, nashona. Wewe umekuja mara tatu na ndoo, bado hujaniambia mna watu wangapi."

Nilimwambia kwamba mambo haya ni ya kitaalamu. Alinitazama, akatazama ndoo, akarudi kwenye cherehani yake. Nilitoka nikiwa nimemdharau, na njiani nikahesabu makosa yake yote: hajui kusoma Kiingereza, hana vipimo, anatafuna huku anazungumza.

Hata hivyo hukumu haikutoka kwa fundi wala kwangu. Bwana Daktari aliingia ofisini siku ya tano, akakikuta kitabu mezani, akakifungua penye lile turubai la mifuko. Akaweka kidole juu ya mfuko wa chupa. Kidole kilikaa pale muda mrefu kuliko kinavyokaa juu ya mapigo ya moyo ya mgonjwa.

"Hili zuri," akasema. "Linafaa kazi. Linafaa hata Matema, siku ya mapumziko."

Matema, kwenye mchanga ule ambako Wakisi wanaanika vyungu vyao, ndiko alikokuwa akienda na mkewe kuogelea na kuvua samaki ambao hawawali. Basi nikaelewa turubai linatafutwa kwa ajili ya nani. Na kwa kuwa yeye ndiye angeandika mwisho wa mwaka kama mimi nafaa au sifai, niliketi nikaandika kurasa tatu za sababu za kitaalamu kwa nini turubai la kijani kutoka Uingereza linazidi mengine yote. Mtelemko wa maji, uzito, uimara wa nyuzi. Sababu moja tu ilikuwa ya kweli, nayo sikuiandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku ile.

Turubai lilifika kwa meli mpaka Mwaya, na mwezi wa pili, mvua zikiwa zimeshika, tukaenda nalo kijiji cha Ikolo, mimi na dereva. Bwana Daktari alibaki Kyela kumsubiri mgeni wake kutoka Mbeya. Agizo lake la mwisho halikuhusu ndui.

"Jumamosi nalitaka turubai. Liwe safi."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Dawa tulikuwa nayo ndani ya chupa kubwa yenye barafu, na barafu ile ingefika mpaka kesho yake mchana, si zaidi. Baada ya hapo dawa ingebaki maji tu, na nyingine haikuwepo mpaka miezi ipite.

Dereva alikuwa mzee aliyepigana vita Burma, na hakuna kitu duniani kilichokuwa bado kinamshangaza. Tulisimamisha gari kwenye uwanja karibu na migomba, tukaanza kulikunjua.

"Bwana mdogo, nguzo hii ya tatu inaingia wapi?"

"Soma maelezo, mzee."

"Nimesoma."

"Yanasemaje?"

"Yanasema familia nzima itafurahia."

Ilituchukua zaidi ya saa moja. Wavu wa mbu ulinasa kwenye mlango. Pindo la mawimbi liliingia kwenye tope. Lakini liliposimama, nakiri, lilikuwa zuri. Paa moja pana la kijani, limenyooka, mvua inateleza juu yake kama nilivyoandika katika ukurasa wa pili. Nikaweka meza, sindano, spiriti, daftari. Nilijisikia mtu.

Wajumbe wa chifu walikuwa wamewaita watu wote, na wa kwanza kufika walikuwa wazee wa kiume. Waliingia wakiinama, wakaligusa turubai kwa ncha za fimbo zao, wakaketi kwa safu kutoka mlango wa dereva mpaka nyuma ya gari. Mmoja aliingiza mkono katika mfuko wa chupa, akautoa, akaunusa.

"Mtupu," akawaambia wenzake.

Kisha mvua ikaongezeka, na akina mama wakaanza kufika. Niliwaona wakija kwa njia ya kando ya majaruba ya mpunga, watoto mgongoni. Mmoja baada ya mwingine, walipokaribia kiasi cha kuona nani amekaa chini ya turubai, waliiacha njia. Waliingia kwenye migomba wakavuta nguo zao juu ya vichwa mpaka usoni, na kusimama pale huku mvua ikiwapiga.

Nikawaita. Hakuja hata mmoja. Nikadhani wanaogopa sindano, na hapo dharau ikanipanda vizuri. Nikasimama ukingoni mwa turubai nikatoa hotuba juu ya ndui: upele, upofu, kifo. Nilikuwa nimefika kwenye upofu niliposikia dereva anacheka. Alicheka mpaka akaegemea gari.

"Unawaita waje wapi?"

"Hapa. Chini ya turubai."

"Na chini ya turubai kuna nani?"

"Wazee."

"Wazee wa nani?"

Hapo nikakumbuka.

Kwetu, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawakai chini ya paa moja. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaiacha njia, anajifunika, anasubiri apite. Jina lake halitaji. Na baba mkwe si yule mmoja tu aliyemzaa mume. Ndugu zake wote nao ni baba mkwe. Katika kijiji kama kile, karibu kila mzee ni mkwe wa karibu kila mama mwenye mtoto mchanga. Hata waliobatizwa wanaishika desturi hii kuliko amri za Mungu. Mtoto wa miaka mitano wa Ikolo analijua hilo. Mimi, niliyeambiwa "unawajua", nilivusha bahari paa moja lisilo na ukuta, nikawaalika wakwe na wakamwana waje wakae chini yake pamoja.

Niliwageukia wazee. "Wazee wangu, naomba mtoke kidogo, akina mama waingie."

"Tutoke tuingie kwenye mvua?" aliuliza yule wa mfuko wa chupa.

"Kwa muda mfupi tu."

"Chifu ametuita. Tumeitika. Tukitoka tuende wapi? Kwenye migomba waliko wao? Au tusimame njiani wanakopita?"

Mwenzake akauliza, bila kunitazama mimi, "Huyu ni wa wapi?"

"Wa Busale," dereva akamjibu.

"Mbona hajui kitu?"

"Walimpeleka shule."

"Aa. Pole yake."

Nilizunguka gari upande wa pili, usio na turubai, ili uso wangu usionekane. Huko nilimkuta mama mmoja wa makamo, amezunguka mbali kupitia kwenye mpunga na kusimama na mgongo wake ukielekea gari, hivi kwamba Landrova nzima ilikuwa kati yake na wazee. Mtoto alikuwa kifuani, amefunikwa kwa jani la mgomba.

"Mughonile," nikamsalimu.

Aliitikia, kisha akauliza, "Mama yako yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Angeingia humo?"

"Asingeingia."

"Basi kwa nini unatupigia kelele kama mbuzi?"

Nilimwomba msamaha. Akatoa mkono wa mtoto nje ya nguo. "Mchanje hapa hapa. Mimi nimetoka mbali, na mdogo wa mume wangu amerudi juzi kutoka Karonga, anasema kuna nyumba huko zimebaki na wazee tu."

Nilimchanja pale pale, dereva akishika jani la mgomba juu yetu. Upepo ukalipasua jani. Nililiona tone la dawa likivimba kwa maji ya mvua, likateremka kwenye kiwiko cha mtoto, likaanguka. Mama naye aliliona.

"Imeingia?" akauliza.

"Haijaingia."

Alimrudisha mtoto ndani ya nguo na kubaki amesimama pale pale, na nikajua hataondoka, na kwamba wale wa kwenye migomba wanamtazama yeye waone kama atapata kitu.

Nikaanza kufikiri kama ninavyofikiri siku zote, yaani kwa kuzunguka. Tusubiri mvua ikatike? Ikikatika Kyela linatoka jua la kuchemsha mawe, na dawa inakufa kwa jua kama inavyokufa kwa maji. Tuombe nyumba? Kila nyumba ni ya baba mkwe wa mtu. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya kijito, na kijito kilikuwa kimefurika. Niwachanje wazee kwanza ili waondoke? Nilichungulia nyuso zao: wengi walikuwa na makovu ya ndui tangu utotoni, ugonjwa ulishawachanja wenyewe. Ningemaliza dawa juu ya watu wasioihitaji, na wala wasingeondoka mvua ikinyesha. Turudi Kyela tukashone lingine? Nilifungua chupa. Vipande vya barafu vilikuwa vimebaki vidogo kama kokwa za maembe, vinaelea.

Nikazunguka gari mara mbili. Upande mmoja, paa pana kuliko lilivyohitajika, wazee wamejinyoosha miguu. Upande wa pili, mama na mvua. Katikati, ukuta wa chuma ambao hakuna aliyeuandika katika kurasa zangu tatu.

"Mzee," nikamwambia dereva, "tukiligawa vipande viwili, kimoja huku, kimoja kule?"

"Ni mali ya serikali."

"Najua."

"Na Jumamosi ni keshokutwa."

"Najua, mzee!"

Alitema mate kwenye tope. "Mimi sitaona."

"Utakuwa umelishika."

"Nitalishika nikiwa nimefumba macho."

Nilisimama na kisu cha upasuaji mkononi, na hata hapo akili yangu haikuacha ujinga wake. Niliwaza barua ya kufukuzwa kazi itakuwa na kurasa ngapi. Niliwaza kama ningefumua mshono wa katikati, uzi baada ya uzi, labda ungeweza kushonwa tena mpaka Jumamosi usionekane. Nilianza hivyo. Nilifumua nyuzi sita au saba kwa uangalifu wa kumpasua mgonjwa. Kisha mtoto wa yule mama akakohoa upande wa pili wa gari, kikohozi kidogo cha mtoto aliyelowa, na mikono yangu ikachoka kuwa ya mtu mwangalifu.

Nikalikamata turubai kwa mkono wa kushoto nikapitisha kisu kutoka juu mpaka kwenye pindo la mawimbi. Lilipasuka kwa sauti iliyowanyanyua wazee wote.

"Anatubomolea nyumba!" mmoja akapiga kelele.

"Sogeeni mbele, wazee wangu. Nusu hii ni yenu."

Walisogea, wakilalamika, wakabanana. Dereva akakata kamba. Nusu yenye mifuko ya chupa tuliivusha juu ya paa la gari kwenda upande wa pili, ikining'inia vibaya, mshono wake ukiwa na ndevu za nyuzi. Nguzo hazikutosha. Mama yule alisema neno moja kuelekea kwenye migomba, na mianzi mitatu ikaja, imekatwa tayari, imeshikwa na wanawake ambao bado walikuwa wamejifunika nyuso. Tukaichimbia. Wavu wa mbu tuliufunga chini ya gari, uzibe pale ambapo miguu ya wazee ingeonekana.

Nilihamisha meza. Nilikausha mkono wa mtoto kwa shati langu, kwa kuwa kila kitu kingine kilikuwa kimelowa, nikaweka tone, nikakwaruza, tukasubiri. Mama aliupuliza mkono ule polepole mpaka tone likakauka mahali pake.

"Ndaga," akashukuru, akamfunga mtoto mgongoni. Kisha akainua sauti kuwaambia wengine waje.